Siku Niliyokuwa Mkalimani wa Mahari ya Binti Yangu

Kile kipaza sauti ningepaswa kukikataa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinisogezea chini ya hema alilolikodi mwenyewe na kulisimamisha katika ua wake kule Kinoo, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka, akiniita muthoni, yaani mkwe kwa lugha ya nyumbani kwao, "Muthoni, leo wewe ndiye mdomo wa wageni. Hapa hakuna mwingine anaelewa hiyo lugha yao."

Mke wangu alikuwa ameketi safu ya pili na dada zake. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo. Asubuhi ile, tukiwa bado nyumbani kwetu Dagoretti Corner, alikuwa ameniambia wazi: "Baba wa bibi harusi haongei siku ya mahari. Anakaa, ananyamaza, anakunywa soda. Mtafute mtu mwingine." Nikamjibu kwamba huyo mtu mwingine yuko Belgradi.

Basi nikakipokea, nikakipuliza kama ninavyowaona wahubiri wa mjini wakifanya, na nikasikia pumzi yangu ikizunguka ua mzima. Sauti ile ilinipendeza.

Binti yetu wa pekee alikuwa ameposwa na Mserbia. Kijana mwenyewe alikuja Nairobi kufunga mitambo ya vyumba vya baridi, wakakutana ofisini Westlands alikofanya kazi binti yangu, na mapenzi yao waliyafanya kwa Kiingereza bila kumhitaji mkalimani. Aliyehitaji mkalimani ni baba mtu. Mzee huyo alikuwa mkulima, mpana wa mabega, mwenye kofia aliyoishika mkononi kama sahani, na lugha aliyoijua ilikuwa ya kwao tu. Mkewe hakuja. Alibaki na ng'ombe.

Kiserbia nilikijua kwa njia ambayo hakuna shule ingeiidhinisha. Baada ya kidato cha nne niliajiriwa kuwa karani wa saa katika mjengo mmoja wa katikati ya jiji, uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Wayugoslavia. Nilikaa langoni nikiandika nani amefika na nani amechelewa, kisha nikamweleza msimamizi. Msimamizi alikuwa mtu wa uso mwekundu na maneno machache, na yote aliyonifundisha yalikuwa ya aina mbili: matusi na wakati. Odmah, sasa hivi. Sutra, kesho. Opet, tena, neno alilolitumia kila fundi alipochelewa. Nikad, kamwe, neno alilolitumia tulipoomba nyongeza ya mshahara. Baada ya miaka langoni pale sikuweza kuagiza supu kwa Kiserbia, lakini niliweza kumweleza mtu ni mara ngapi ameniudhi. Kusikia nilisikia kila kitu, kwa sababu msimamizi alipenda kunisimulia habari za kwao mvua ikinyesha na kazi ikisimama.

Hapo langoni ndipo nilipoharibikia. Msimamizi akiuliza fundi fulani yuko wapi, nami najua fika yuko Kawangware anakunywa chai, nilijibu "uskoro", yaani hivi karibuni. Maskini yule mzungu alisimama palepale kumngoja, akitazama saa. Kwao neno la wakati ni ahadi. Kwetu ni salamu.

Nisionekane nawasingizia wenzangu. Mtu aliyelala Dagoretti Corner, blanketi hadi kidevuni, atakuambia kwa simu kwamba ameshapita Adams na yuko karibu kuingia mjini. Fundi cherehani wangu wa Ngara amekuwa akinimalizia suruali kesho tangu Pasaka. Mchungaji wetu husema "na mwisho kabisa", na hapo ndipo mahubiri yanapoanza. Hakuna anayejiona mwongo. Tunamwonea mwenzetu huruma, tunampa neno la kutuliza roho, naye analipokea akijua halina uzito, na maisha yanaendelea. Kosa langu lilikuwa kulipeleka neno la namna hiyo kwa watu waliokuja na mizani.

Na kulikuwa na shemeji. Nilipokwenda kumwoa dada yake, kijana kutoka magharibi mwenye suti ya kuazima, aliniuliza mbele ya wazee wake kama huko kwetu tunajua kwamba mahari si kuku. Watu walicheka hadi mmoja akamwaga uji. Amelirudia swali hilo kila Krismasi tangu hapo, na kadiri vyumba vyake vya kupangisha vinavyoongezeka pale kando ya Waiyaki Way, ndivyo wapangaji wa kucheka wanavyoongezeka. Nyumba yetu haikutosha hema, kwa hiyo sherehe ya binti yangu ilifanyika kwake, naye akajiteua msemaji wa familia. Nami nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho yeye hakuwa nacho: Kiserbia. Ningekiacha nyumbani?

Mwanzoni nilifanya kazi nzuri. Kwa kuwa hemani kulikuwa na watu wa mke wangu upande mmoja na wangu kutoka magharibi upande wa pili, shemeji aliamua lugha ya siku iwe Kiingereza, lugha ambayo pande zote mbili zingeikosea sawasawa. Mgeni akasema amefurahi kufika. Nikatafsiri. Akasema hajawahi kuona watu wakikaa muda mrefu hivyo kabla ya kula. Nikatafsiri, watu wakaangua kicheko. Mambo ya mbuzi yalipita bila ugomvi. Shangazi yangu alipiga vigelegele, na nikamsikia mmoja wa dada za mke wangu akimnong'oneza jirani yake, "Kumbe huyu ana akili?"

Nilisimama wima zaidi.

Watoto wenyewe hawakuwepo. Binti yangu alikuwa ndani ya nyumba na wenzake, akingoja kuitwa. Bwana harusi vijana wa Kinoo walikuwa wamempeleka nyuma ya boma kumwonyesha mbuzi anavyokatwa, na kila mara tulisikia kelele za kumshangilia au kumwonya. Ndiyo desturi. Siku hiyo wazee husema yale ambayo watoto hawana mdomo wa kuyasema, na kikishasemwa mbele ya wazee kimesemwa, hakirudiwi.

Ndipo shemeji akasimama, akavuta koti lake chini. "Sasa mwulize kitu moja muhimu," akaniambia. "Tukimpa huyu msichana, tutamwona mara ngapi? Dada yangu ako na mmoja tu."

Nikamwuliza mgeni. Yule mzee hakunitazama mimi. Alimtazama mke wangu, akaweka kofia yake kwenye kiti, akasema polepole ili mkalimani asipotee.

Alisema retko. Nadra. Akasema vrlo retko, nadra sana, na miaka ya mwanzo pengine asije kabisa, kwa kuwa wana shamba la rasiberi na ng'ombe, na ng'ombe hawajui Krismasi. Mkewe mwenyewe ameikosa siku ya mwanawe kwa ajili yao. Akasema anatuambia hivyo kwa sababu binti yetu ndiye aliyemwomba, maana yeye hathubutu kumwambia mamake. Halafu akasema: kwa hiyo mama aje. Soba je već spremna. Chumba kiko tayari, wameshakipaka rangi. Aje kila kiangazi, na siku mtoto akizaliwa aje odmah, akae apendavyo, tiketi ni juu yao.

Yalikuwa maneno ya heshima kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na hema zima liligeuka kuningoja mimi.

Nilimwona mke wangu ameshika kitambaa juu ya goti lake. Nilimwona shemeji amepandisha nyusi, nyusi zilezile za kuku. Nyama ilikuwa imeanza kunukia. Nikafikiri: nikisema nadra, vigelegele vimekwisha, mke wangu atalia, shemeji atapata swali jipya la kuniuliza kila Krismasi. Na nadra ni nini? Ni neno tu la wakati. Maneno ya wakati nimeyalainisha tangu ujana wangu, na hakuna jengo lililoanguka.

"Often," nikasema. "He says she will be coming home often. Every Christmas, without fail."

Hema lililipuka. Mke wangu alifunika uso kwa kile kitambaa, akacheka na kulia pamoja.

Habari ya chumba nikaiacha palepale kwenye kiti na kofia ya mwenyewe. Ningeitajaje? Nikishasema binti atakuja mara nyingi, nani anamwandalia mama mtu chumba cha kiangazi? Mgeni alinigeukia kwa mshangao. "Tako kratko?" akaniuliza. Kifupi hivyo?

Nikamwambia Kiingereza ni lugha ya watu wenye haraka.

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Alimwona mke wangu akilia huku anatabasamu, akadhani mama wa watu amepokea neno gumu kwa moyo mkubwa. Akavuka nafasi iliyokuwa kati ya viti, akambusu mashavuni mara tatu kama wafanyavyo kwao, na shangazi zetu wakapiga mayowe. Kisha akanikumbatia mimi na kuniita prijatelju. Huko kwao baba wa bibi harusi na baba wa bwana harusi huitana hivyo. Maana yake ni rafiki.

Krismasi ya kwanza mke wangu alinunua mapazia mapya na kukanda unga wa chapati za kutosha kituo cha polisi. Binti alipiga simu kutakia heri. Sauti yake ilikuwa na raha ya mtu aliyekwisha kutua mzigo. Mama yake alimsikiliza, akampa heri zake, akanirudishia simu na kusema, "Hata hajaomba msamaha."

"Watu hubanwa na kazi, Mama," nikamwambia.

"Aliahidi mbele ya wazee."

"Hiyo ni kweli," nikasema, nikala chapati.

Mwaka wa pili binti akapata mimba. Mke wangu alimngoja aje kujifungulia nyumbani, kama mtu aliyeahidi kuja mara nyingi. Binti alimngoja mama yake aende, kama mtu aliyealikwa na kutengewa chumba. Walingojana kwa uaminifu mkubwa. Na hakuna aliyeuliza. Mke wangu hakutaka kumwomba mtoto atimize ahadi. Ahadi ya wazee haiombwi. Binti hakutaka kuurudia mwaliko uliotolewa mbele ya watu wote; kuurudia ni kumwambia mama yako kwamba alisikia akapuuza. Kila mmoja aliniuliza mimi badala yake.

"Baba, Mama anakuja lini?"

"Hivi karibuni. Ni goti tu linamsumbua."

"Na huko unapoongea naye faraghani, anasema nini?" mke wangu aliniuliza. "Anakuja?"

"Anapanga, Mama. Yuko karibu."

Nikawa mkalimani kati ya watu wawili wanaozungumza lugha moja. Na kazi ilinibidi niifanye vizuri, maana kosa dogo lingewafanya waelewane.

Mtoto alizaliwa theluji ikianguka, na aliyemshika wa kwanza alikuwa nyanya wa kule, yule aliyebaki na ng'ombe. Binti yangu alinipigia akilia. Hakulaumu. Aliuliza tu, "Baba, nimemkosea nini Mama?" Nikamwambia laini ni mbaya. Laini ilikuwa safi kama mtu aliye chumba cha pili. Tangu siku hiyo simu za mama na mwana zikawa fupi, za kuulizana hali ya hewa, na kule kanisani mke wangu akaacha kuwajibu wanawake waliomwuliza habari za binti yake.

Nilikuwa na amani ya kipumbavu, kwa sababu ushahidi wote ulikuwa Kinoo, mikononi mwa mtu asiyeuelewa. Shemeji alikuwa amerekodi sherehe nzima. Video aliiweka kwenye kabati la vioo pamoja na glasi za wageni, hakumpa mtu nakala kwa kuogopa mitandao, na kila aliyeingia sebuleni kwake alilazimika kuitazama ili aone jinsi mwenye nyumba alivyohutubia. Nimeitazama mara zisizo na idadi. Mwanzoni jasho lilinitoka ikifika pale. Baadaye nilianza kuifurahia. Nilionekana msomi.

Mwaka wa nne, Januari, rasiberi zikiwa zimelala na jirani akikubali kuwaangalia ng'ombe, binti yangu akaja na mumewe na mtoto. Nadra, kama alivyosema mzee. Shemeji akatuita chakula cha mchana. Mke wangu alimhudumia binti yake kwa adabu, kama unavyomhudumia karani wa benki. Tulipokwisha kupakuliwa, shemeji akalifungua kabati la vioo.

"Shemeji, tuwekee mpira," nikasema.

"Mpira gani saa hii? Mkwe hajawahi ona hii kitu. Siku yenyewe alikuwa nyuma na mbuzi."

Mkwe wangu aliketi na sahani ya mukimo mapajani. Shemeji alihutubia kwenye skrini, tukampigia makofi, yeye pia akajipigia. Kisha baba wa kijana akatokea, akaweka kofia kwenye kiti, akaanza kusema. Kijana akatabasamu kwa kumsikia baba yake. Halafu ikaja sauti yangu, nzito, yenye raha: "Often."

Kijana aliacha kutafuna. "Tunaweza kurudi nyuma kidogo?" akauliza kwa Kiingereza.

"Rudisha!" shemeji akampigia kelele mwanawe aliyeshika rimoti. "Mkwe ameipenda!"

Nikasema mtoto anataka kulala, kelele zitamsumbua. Mtoto alikuwa chini ya meza, macho makavu, anakula kijiko. Wakarudisha. Binti yangu alitoka jikoni na bakuli la kachumbari, akasimama nyuma ya kochi. Kiserbia alikuwa amekijua kwa miaka hiyo, tena kile chenye supu ndani yake. Alimsikiliza baba mkwe wake hadi mwisho. Akaweka bakuli sakafuni. Hakunigeukia. Alimwendea mama yake, akapiga magoti kando ya kiti, na picha iliporudishwa tena akamtafsiria kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, bila kipaza sauti.

"Anasema nadra, Mama. Nadra sana. Anasema mimi ndiye nimemwomba awaambie, kwa sababu niliogopa. Sasa anasema uje wewe. Chumba kiko tayari. Anasema mtoto akizaliwa uje siku hiyohiyo."

Kwenye skrini nikasema "Often" kwa mara ya tatu, na hema likalipuka kwa furaha, na mke wangu wa siku ile akafunika uso kwa kitambaa.

Kisha shemeji akazima televisheni mwenyewe, akanitazama bila kucheka, kwa mara ya kwanza tangu tujuane. "Muthoni," akasema, "heri ungetuletea kuku."

Mke wangu aliinama, akamtoa mjukuu chini ya meza na kumpakata. "Hicho chumba mlikipaka rangi gani?" akamwuliza binti yake.

"Kijani, Mama."

"Bado kiko?"

"Kiko. Hakuna mtu amelala humo."

Jioni, tulipofika nyumbani, nilianza kumweleza. Nilimwambia kuhusu nyusi za kaka yake, na harufu ya nyama, na jinsi nilivyotaka siku iwe nzuri kwa ajili yake. Alinisikiliza akikunja mapazia yale ya Krismasi, maana alikuwa ameyashusha.

"Baba," akasema, "nyamaza. Hiyo ndiyo kazi niliyokupa siku ile."

Pasipoti ilichukua muda. Karani alimwambia arudi wiki ijayo, kisha wiki ijayo nyingine, na mimi nikamwombea karani yule maisha marefu. Lakini siku ilifika. Mlangoni nilimshikia mkoba. Aliniambia atarudi.

"Lini?" nikauliza.

"Hivi karibuni," akasema, kwa sauti yangu kabisa, akachukua mkoba wake.

Mwaka jana ulipita, na huu unaelekea kwisha. Analala katika chumba cha kijani. Goti limepona. Anachuma rasiberi na yule mama wa ng'ombe, na wanaelewana, nasikia, bila mkalimani. Mzee mwenzangu hutuma salamu kwangu, lakini ananitaja kama baba wa fulani; lile neno la rafiki hajalitumia tena. Binti yangu hunipigia retko, na siwezi kudai sikuambiwa maana yake. Mjukuu ananiona kwenye simu na kumwuliza mama yake huyo ni nani.

Nilitaka makofi ya watu wa Kinoo kwa adhuhuri moja, na niliyapata. Yamenigharimu mke, binti na mjukuu. Mke wangu hajafa, wala hana hasira tena. Ameondoka tu, na hatarudi.